Chora Pwani Yako: Mwongozo wa Uchoraji wa Mandhari kutoka Mtwapa hadi Malindi

Ukifika kwenye majabali ya Vuma, karibu na Takaungu, hutapata mchanga wa kutandika leso. Uwanda wa nyasi unakatika ghafla, na chini yake kuna mwamba wenye ncha kali unaopigwa na mawimbi usiku na mchana. Watu wengi hufika hapo, hupiga picha chache kwa simu, kisha huondoka baada ya dakika kumi.

Asubuhi moja niliamua kukaa hapo kwa saa mbili, nikiwa na daftari, penseli na kijisanduku cha rangi za maji kama zile za watoto wa shule. Mchoro niliorudi nao si wa kujivunia. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza niliona kwamba bahari niliyozoea kuiita ya buluu ilikuwa na rangi nne, na kwamba mwamba niliodhani ni mweusi ulikuwa na kijivu, kahawia na hata zambarau kwenye vivuli.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na mshipi wake alisimama nyuma yangu, akaitazama karatasi. "Mwanangu," akasema, "hapa umechora maji yakiwa mbali. Sasa yanarudi. Hapo ulipoketi patalowa." Nilimshukuru, nikakusanya vitu vyangu na kupanda juu. Nusu saa baadaye, jiwe nililokuwa nimekalia lilikuwa limefunikwa na povu.

Makala haya ni kwa mkaazi yeyote wa Kilifi anayetaka kujaribu uchoraji wa mandhari nje, awe mwanafunzi, mwalimu, kijana anayetafuta kipato au mstaafu. Yanaeleza sanaa hii ni nini, jinsi ya kuisoma bahari kabla ya kushika brashi, mahali pa kwenda, sheria za kufuata, na kwa nini michoro ya pwani yetu inaweza kuwa na faida kuliko kupamba ukuta tu.

Sanaa ya kuchora papo hapo

Uchoraji wa mandhari nje maana yake ni kuketi mbele ya mahali penyewe na kupachora pale pale, badala ya kunakili picha ukiwa nyumbani. Tofauti ni kubwa. Picha ya simu hunasa sekunde moja tu. Mchoraji hukaa saa moja au mbili, na katika muda huo jua husogea, upepo hugeuka na maji hupanda au kushuka. Hulazimika kuchagua ni kitu gani hasa anachotaka kukionyesha.

Kufanya hivyo hakukuwa rahisi zamani. Wachoraji wa Ulaya walichanganya rangi za mafuta wenyewe na kuzihifadhi katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka ovyo na kukauka haraka. Mwaka wa 1841, Mmarekani John Goffe Rand alibuni kibomba laini cha bati chenye kifuniko, kama kile cha dawa ya meno. Tangu hapo mchoraji aliweza kutia rangi zake mfukoni na kusafiri nazo popote.

Miongoni mwa waliofaidika alikuwa Mfaransa Claude Monet. Katika miaka ya 1880 alirudi mara nyingi Étretat, kwenye pwani ya Normandy, ambako kuna majabali meupe marefu na matao yaliyochongwa na bahari. Mwandishi Guy de Maupassant, aliyemwona akifanya kazi huko, alieleza jinsi watoto walivyomfuata wakimbebea kanvasi tano au sita za mahali pale pale. Kila mwanga ulipobadilika, Monet aliweka kanvasi moja kando na kuchukua nyingine.

Hata mjuzi kama huyo alikosea. Mnamo Novemba 1885, akiwa chini ya tao kubwa la Étretat, Monet hakutambua kwamba maji yalikuwa yakipanda. Wimbi lilimpiga kwenye jabali na kumvuta. Aliponea chupuchupu, lakini bahari ilichukua mchoro na vifaa vyake. Mwaka uliofuata alikwenda kisiwa cha Belle-Île, chenye miamba mikali zaidi. Alipanga kukaa siku chache, akakaa zaidi ya miezi miwili na kurudi na michoro karibu 40. Huko alisaidiwa na mvuvi wa kisiwani aliyembebea vifaa, na Monet akamchora mvuvi huyo pia.

Funzo kwetu ni kwamba anayetaka kuchora pwani ya mawe anamhitaji mtu anayeijua bahari. Sisi tunao watu hao katika kila kijiji cha uvuvi, kutoka Takaungu hadi Ngomeni.

Kwanza ijue bahari

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hivyo mahali palipokuwa pakavu leo saa nne asubuhi hapatakuwa vile vile saa nne wiki ijayo.

Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti inaweza kupita mita 3, ambao ni urefu wa chumba kutoka sakafuni hadi darini. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Kabla ya kwenda, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi. Shuka maji yanapoanza kupwa, na uwe umepanda juu kabla hayajaanza kurudi. Kwenye majabali ya Vuma usishuke peke yako, na usiipe bahari mgongo.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari huwa tulivu na maji yakiwa maangavu. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na bahari huchafuka. Anayetaka kuchora mawimbi makubwa atayapata wakati wa kusi, lakini ajiandae: upepo huo unaweza kukupokonya karatasi na kuangusha stendi. Funga jiwe kwa kamba na ulining'inize katikati ya stendi, au achana na stendi na uchorie mapajani.

Kisha kuna jua. Pwani yetu inatazama mashariki, na tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza baharini karibu saa kumi na mbili asubuhi na kupanda upesi. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, mwanga huingia ukiwa chini na kuziangaza nyuso za majabali, na kila ufa huonekana. Kufikia saa sita vivuli hupotea na kila kitu huonekana bapa. Alasiri jua huwa nyuma yako, upande wa bara. Majabali huingia kivulini, lakini bahari iliyo mbele yako hung'aa kwa rangi zake zote.

Kwa nini rangi hizo hutofautiana? Maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza na kuuacha wa buluu uende mbali zaidi. Penye kina kirefu unaona buluu nzito. Penye maji machache juu ya mchanga mweupe, mwanga hurudi haraka ukiwa wa kijani kibichi. Penye nyasi za baharini panakuwa na giza. Na pale mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba wa nje, unaona mstari mweupe. Ukiielewa sababu, utajua rangi ya kuchanganya.

Mahali pa kwenda

*Jumba la Mtwana, Mtwapa.* Huu ni mji wa kale wa Waswahili uliokaliwa katika karne ya 14. Kuna magofu ya nyumba na misikiti, mmoja ukiwa karibu kabisa na maji, pamoja na mibuyu mikubwa. Anayeanza atapenda hapa kwa sababu kuta zilizosimama na vivuli vya miti humsaidia kupima umbali na ukubwa.

*Vuma, Takaungu.* Hapa ndipo penye majabali yenyewe. Chora ukiwa juu, mbali na ukingo.

*Mkono wa bahari wa Kilifi.* Daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991, na kuchukua nafasi ya feri, linakupa mistari iliyonyooka dhidi ya maji yanayopinda. Magofu ya Mnarani yako juu ya genge upande wa kusini, na kutoka huko unaona maji yakiingia bara.

*Mida.* Hapa hakuna jabali, kuna mikoko. Maji yakipwa, matope hung'aa kama kioo na ndege wa kuhama huja kula. Ni mahali pazuri pa kujifunza kijani, kwani mikoko ina kijani cha aina nyingi.

*Watamu.* Visiwa vidogo vya mawe vilivyo karibu na ufuo vimeliwa chini na mawimbi hadi vinafanana na uyoga. Eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka wa 1968.

*Malindi.* Mnara wa Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka wa 1498, umesimama kwenye rasi ya mawe iliyoingia baharini. Msimu wa mvua ukija, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo unaoletwa na Mto Sabaki kutoka nyanda za juu, hadi kutoka upande wa Nairobi. Mchoraji anayeipaka rangi hiyo anachora mmomonyoko wa udongo wa mashamba yaliyo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Vifaa vya kuanzia

Usisubiri hadi upate pesa za kununua kila kitu. Penseli mbili, kifutio, daftari lenye karatasi nene na kisanduku cha rangi za maji vinatosha mwezi wa kwanza. Kipande cha mbao nyepesi au kadibodi ngumu kitakuwa meza yako, na vibanio vya nguo vitazuia karatasi isipeperuke. Beba maji mawili: ya kunywa na ya kuoshea brashi. Maji ya chumvi huharibu rangi na brashi, hivyo usichote baharini.

Rangi za akriliki hudumu na hukauka upesi, wakati mwingine upesi mno kwenye jua letu. Zinyunyizie maji kidogo kila mara. Rangi za mafuta huchukua siku nyingi kukauka na kusafirisha mchoro mbichi ni kazi. Ziache hadi utakapozoea.

Vaa kofia na viatu vyenye soli ngumu. Mwamba wa matumbawe hukata kama kisu.

Anza na mchoro mdogo, ukubwa wa kiganja. Weka mstari wa upeo wa macho kwanza na uhakikishe umenyooka. Kisha gawanya karatasi katika sehemu tatu au nne kubwa: anga, bahari, mwamba, nyasi. Zijaze zote kwa rangi nyepesi kabla ya kuingia kwenye vitu vidogo. Kosa la wengi ni kuanza na mashua moja, kuichora hadi kamba zake, kisha kugundua kwamba bahari haina pa kukaa.

Ufuo ni wa nani?

Hili ni swali linaloulizwa sana, na jibu lake limo katika Katiba. Ibara ya 62 inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mtu yeyote ana haki ya kuketi hapo na kuchora. Lakini Ibara hiyo haikupi ruhusa ya kukatiza katika shamba au ua wa mtu ili kufika ufuoni. Tumia njia za umma, na pale ambapo njia ni ya mwenyewe, piga hodi na uombe.

Nyaraka ya Nne ya Katiba nayo inazipa serikali za kaunti majukumu ya shughuli za kitamaduni na maeneo ya burudani ya umma, fuo zikiwemo. Ndiyo maana njia ya kwenda ufuoni ikizibwa, au ufuo ukigeuzwa jaa la taka, ni haki yako kuripoti kwa msimamizi wa wadi yako.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na zina ada ya kuingia. Usivunje wala kuchukua matumbawe au makombe.
- Gede, Mnarani na Jumba la Mtwana ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Lipa langoni, na usiegemeze stendi wala usimwage rangi kwenye kuta. Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024.
- Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa. Beba maji katika chupa yako ya kudumu.
- Makaya ya Wamijikenda ni mahali patakatifu. Usiingie wala kuchora humo bila idhini ya wazee wa kaya.
- Ukitaka kumchora mtu, muombe kwanza. Mvuvi aliye kazini si pambo.
- Maji uliyooshea brashi usiyamwage baharini. Yarudishe nyumbani kwenye chupa.

Mchoro kama ushahidi

Mtu anaweza kuuliza: kuna shida nyingi, kwa nini tuzungumze juu ya kuchora? Jibu moja linatoka Venice, nchini Italia. Katika karne ya 18, Canaletto alichora mifereji ya mji huo kwa uangalifu mkubwa hadi akaonyesha mstari wa kijani wa mwani kwenye kuta, pale maji yalipofika. Mwaka wa 2003, watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kulinganisha mistari hiyo ya mwani na ile iliyopo sasa kwenye majengo yale yale. Waligundua kwamba mji umezama kwa takriban sentimita 60, kwa sababu bahari imepanda na ardhi imeshuka. Wakati Canaletto alipochora, hakukuwa na kipimo cha maji Venice. Ushahidi ulikuwa mchoro.

Pwani yetu nayo inabadilika. Mwamba wa majabali yetu ni matumbawe yaliyokuwa hai takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Jiwe hilo ni la chokaa. Mawimbi hulila kwa chini hadi sehemu ya juu inabaki ikining'inia, kisha siku moja huanguka. Kwingine mchanga huhama, mikoko hukatwa au hupandwa upya, na majengo husogea karibu na maji. Anayeyaona mabadiliko haya kila siku huyasahau. Wavuvi wazee wanakumbuka, lakini kumbukumbu zao hazijaandikwa.

Kwa hivyo tunapendekeza jambo moja rahisi kwa shule, vikundi vya vijana na yeyote atakayeanza. Chagueni mahali pamoja karibu nanyi na mpachore kila mwaka, mwezi ule ule, kutoka jiwe lile lile. Nyuma ya kila mchoro andikeni tarehe, saa, jina la mahali, upande mliotazama na hali ya maji: yamejaa, yamepwa, bamvua au maji mafu. Mchoreni kile mnachokiona, hata kama ni uzio mpya au rundo la taka. Baada ya miaka kumi mtakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi yoyote inayoweza kukinunua.

Kazi yako ni mali yako

Kwa wale watakaotaka kuuza kazi zao kwa wageni au hoteli, jueni kwamba sheria ya Kenya inawalinda. Hakimiliki ya mchoro huanza pale tu unapoumaliza, hata bila kuusajili, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka uthibitisho wa ziada, unaweza kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

Weka sahihi na tarehe kwenye kila kazi, na uipige picha kabla haijatoka mkononi. Kumuuzia mtu mchoro si kumuuzia haki ya kuuchapisha kwenye fulana au kalenda. Akitaka hilo, mwandikiane na akulipe kando.

Mwisho

Nilirudi Vuma wiki mbili baadaye, safari hii nikiwa nimeuliza kwanza kuhusu maji. Nilikaa juu, kwenye nyasi. Mvuvi yule hakuwepo, lakini jiwe nililokuwa nimekalia niliweza kuliona, likizama na kuibuka. Nililichora. Nyuma ya karatasi niliandika tarehe, saa, na maneno "maji yanajaa".

Mchoro huo si mzuri sana, lakini mwaka ujao, mwezi kama huo, nitakwenda kuona kama jiwe bado lipo. Nawe chagua jiwe lako.